Amina kwa Samaki Walioyeyuka

Nilianza kusoma tena nikiwa tayari na wajukuu. Jumatatu na Jumatano, nikishafunga depo ya Mama Julienne, ghala la samaki wa barafu nilikofanya kazi mtaani Kamalondo, nilikwenda kwa miguu hadi shule ya msingi ambayo jioni hutuazima darasa lake moja. Tunakaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakigonga mbao, na ubaoni bado yanasomeka maneno ya asubuhi. Kabla ya kuingia nilikuwa nasimama kidogo mlangoni na kusema, "Bwana, fungua kichwa changu, kimefungwa muda mrefu." Sioni haya kusema hivyo. Anayeanza kwa kuchelewa anahitaji msaada kuliko wenzake.

Somo letu ni kuhifadhi vyakula. Sote tuko kwenye biashara: mmoja anauza nyama, mwingine anatengeneza mtindi, mimi nauza chinchard, wale samaki wa baharini wanaotufikia kutoka mbali, wamegandishwa ndani ya maboksi. Mwalimu wetu, Anaclet, alifanya kazi miaka mingi katika jikoni za kantini huko migodini. Alituambia kwamba vitabu vya somo hili ni vichache na vimezeeka, lakini kazi yenyewe inatufundisha kila siku, nasi tunaacha mafundisho yapite kama maji ya mfereji. Kwa hiyo akafungua blogu. Kila wiki kila mwanafunzi aandike kutoka kwenye simu yake mambo matatu: kilichoharibika kazini, alichofanya, na alichojifunza. Wengine wasome, kisha waulize.

"Hii blogu ni mwalimu wenu wa pili," alisema. "Yeye halali, na hataki mshahara."

Nilipenda sana wazo lile. Nilijiona kama mtu aliyepewa majirani wapya. Lakini kabla blogu haijazeeka, sisi wenyewe tuliigeuza kuwa kitu kingine, na hakuna aliyeamua kufanya hivyo.

Sisi ni watu wa sala. Na katika makanisa yetu kuna njia moja tu ya kueleza shida mbele ya watu: ushuhuda. Katika ushuhuda mgonjwa hupona, tasa huzaa, adui hushindwa kesi. Sijawahi kumwona mtu akishika mikrofoni na kusema, "Niliomba, na mtoto akafa," kisha akarudi kukaa. Kama shida yako haijaisha, unangojea kitini mpaka iishe vizuri, ndipo usimame. Basi tulipoambiwa tuandike kilichoharibika, tuliandika kwa njia tuliyoijua. Mtindi uliharibika, lakini mstari wa mwisho wateja walirudi maradufu. Friji ilikufa, kisha ikafufuka. Na chini yake, mmoja baada ya mwingine: Amina. Amina mama. Utukufu kwa Mungu. Mwalimu Anaclet pekee ndiye aliyeuliza. Aliandika, "Maziwa yalikaa nje muda gani?" Akajibiwa, "Mungu ni mwaminifu, mwalimu."

Aliyeandika vizuri kuliko sisi sote ni Papa Zéphirin. Yeye ni shemasi katika kanisa letu, Diacre kama tunavyomwita, na ni mkuu wa depo ya samaki upande wa Kenya, si nchi bali ile komini ya mji wetu yenye soko kubwa. Ana sauti nzito, na hata maandishi yake yalikuwa na sauti hiyo. Watu wasio wa darasa letu walianza kumsoma, wa miji mingine, wa Kipushi, wa Likasi, mpaka wa Kambove. Ushuhuda wake uliopendwa zaidi ulihusu siku umeme ulipokosekana kwao mpaka chinchard wake wakawa laini. Aliandika kwamba alipiga magoti mbele ya chumba cha baridi. Kisha akawaosha samaki kwa siki na chumvi, akawapanga upya, umeme ukarudi, wakaganda tena. "Samaki wale," alimalizia, "wamekuwa kama wametoka majini leo. Asiye na imani atupe. Mwenye imani aoshe."

Amina zilishuka chini yake kama mvua. Mimi sikuandika Amina. Si kwamba nilikuwa na busara. Megabaiti zangu zilikuwa zimeisha.

Lakini nilimwonyesha Mama Julienne. Yeye ndiye mwenye depo, na nilitaka ajue kwamba mfanyakazi wake ni mtu wa masomo sasa. Alisoma akivuta midomo, akaniuliza anwani ya blogu, na tangu siku ile akawa msomaji.

Novemba ilipofika, kanisa letu lilitangaza mfungo wa siku tatu, kuanzia Alhamisi. Desturi yetu ni kwamba Jumapili baada ya ibada tunavunja mfungo pamoja uani: bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Watu wanakuja matumbo yakiwa matupu kabisa, vijana wa kwaya, wamama wanaonyonyesha, wazee. Samaki waliagizwa kwetu. Aliyeagiza alikuwa Mapalo, mkubwa wa jiko la wamama, rafiki yangu; tulibatizwa siku moja, katika maji yaleyale.

Jumatano usiku mvua ilinyesha na radi, na kibanda cha umeme cha mtaa wetu kikaungua. Mashine ya umeme ya depo ilikuwa kwa fundi. Alhamisi kutwa nilizunguka chumba cha baridi kama mtu anayemlinda mgonjwa, mlango umefungwa, nikiomba. Ijumaa adhuhuri umeme ulirudi, tukafungua.

Naomba msomaji anisamehe kwa nitakayosema, lakini bila kuyasema hataelewa. Maji yalikuwa yamejaa chini, ya rangi ya waridi yenye kijivu, na maboksi yalikuwa yamelegea kama mkate uliolowa. Nilimtoa samaki mmoja. Macho yake yalikuwa yamezama ndani na kufunikwa na utando. Nilibonyeza tumbo kwa kidole; kidole kiliingia, na shimo lake likabaki pale. Mashavu yalipofunguka yalitoa ute wa kahawia. Harufu haikuwa kali mara moja. Ilikuja polepole, tamu kidogo, halafu ikakaa nyuma ya koo na kukataa kuondoka.

Mwalimu alishatufundisha jambo hili wazi. Chinchard akilala kwenye joto, nyama yake inatengeneza sumu, na sumu ile haiogopi moto wala pilipili. Kupika hakuiondoi. Kugandisha tena hakuiondoi. Nilimwambia Mama Julienne. Yeye alikuwa amesimama na simu mkononi, na nilitambua kilichokuwa kwenye kioo chake hata kabla hajakigeuza.

"Maman Constance, weye njo ulinionyesha hii blogu," alisema. "Diacre alifanya, Mungu akamusaidia. Miye Mungu atanikatala juu ya nini?"

"Maman, hii samaki iko nanuka."

"Ya Diacre pia ilinuka. Soma tena."

Sitamwita mwanamke mbaya. Alikuwa ameogopa, na mtu aliyeogopa hupenda kuamini kilichoandikwa vizuri. Aliagiza siki na chumvi, akakunja mikono ya nguo yake, tukaosha pamoja. Nilimtii. Nilijiambia kwamba labda Papa Zéphirin anajua kitu ambacho hakukieleza, kipimo fulani, au dalili ya kutenganisha samaki wanaofaa na wasiofaa. Magamba yalibaki vidoleni. Ngozi nyingine zilitoka zenyewe na kuelea kwenye beseni. Siki ilipanda puani, na chini yake ile harufu tamu iliendelea, kama mtu anayecheka nyuma ya mlango. Tulipomaliza tukawapanga kwenye maboksi makavu na kufunga chumba, nao wakaanza kuganda, wakiwa wazuri kwa macho.

Jioni nilikwenda kwenye maombi ya mfungo. Mimi huomba nikiwa nimefunika uso kwa mikono yote miwili, tangu utoto. Mama yangu aliomba hivyo. Nilikuwa nimeosha mikono kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Nilipoifikisha usoni, samaki walikuwa pale. Niliita jina la Yesu, nikavuta pumzi, nikawavuta wao. Karibu nami Mapalo alikuwa anaomba kwa machozi, midomo imekauka, akiwashukuru mbele ya Mungu wote wanaotayarisha meza ya Jumapili, na akanitaja kwa jina. Nilishusha mikono nikaificha nyuma ya mgongo, kama mfungwa. Siku ile nilishindwa kuomba.

Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda Kenya kwa Papa Zéphirin. Sikwenda kumshitaki. Nilikwenda kufanya kile ambacho mwalimu alitaka tufanye tangu mwanzo na hatukukifanya: kuuliza. Nilitaka anipe kile kipimo kilichokosekana, nirudi nikiwa na amani.

Alikuwa anapangusa meza yake, shati jeupe, Biblia ndogo mfukoni. Alifurahi kuniona. Nikamuuliza kama wale samaki wa ushuhuda, baada ya kuoshwa, watu waliwala bila kuugua.

Alicheka kidogo, akaangalia kama kuna mteja karibu. "Dada, ile samaki niliitupa."

Nilidhani sijasikia.

"Ilinuka mpaka bajirani balikuya kulalamika," aliendelea. "Niliosha kidogo na vinaigre, kuona tu. Haikusaidia kitu. Nilichimba shimo, nikazika yote."

"Sasa ule ushuhuda, Papa Diacre?"

"Ulitaka niandike nini? Eti niliomba, kisha nikazika samaki?" Alitikisa kichwa, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto mzito. "Ule haiko ushuhuda. Ile ni kumupatisha Mungu haya. Miye niliandika kwa imani."

Kwa imani. Yaani aliandika yale aliyotaka yatokee, kana kwamba yametokea. Na hakuwa na aibu yoyote. Nilitafuta usoni mwake mahali ambapo aibu ingeweza kukaa, sikupaona.

Nikamwambia yote: umeme, siki, Mama Julienne, na kwamba samaki walewale ndio wa kesho, wa kuvunja mfungo. Kitambaa kilisimama mkononi mwake. Aliangalia barabara, akafyonza meno taratibu, na mimi nikaona mkono wake ukielekea mfukoni. Nilishukuru moyoni, nikidhani anatoa simu ampigie Mapalo. Alitoa leso, akajifuta paji la uso.

"Kumbe," alisema. "Basi miye kesho nitachukua sombe."

Nilikuwa nimeshika samaki waliooza mchana mzima, mikono mpaka kwenye viwiko, na sikutapika. Pale, mbele ya meza safi na shati jeupe, mate yalijaa mdomoni na ikanibidi nishike mlango. Nilimwomba aondoe ushuhuda wake kwenye blogu, au angalau aongeze mstari mmoja chini yake. Alisema ushuhuda ukishatolewa haurudishwi, kwamba kuna watu Kipushi na Kambove ambao imani yao imesimama juu ya maneno yale, na kwamba mimi ni mtu mzima, nisilete fitina katikati ya mfungo. Kisha akaniaga kwa baraka.

Njiani niliomba bila kufunika uso, macho wazi, watu wakinipita. Sikuomba neno zuri. Nilisema, "Bwana, ondoa uchafu huu mbele yangu, ao unipe nguvu ya kuuondoa."

Nilipofika depo, Mapalo alikuwa ameshafika na mkokoteni, na maboksi mawili yalikuwa mlangoni. Mama Julienne alikuwa anahesabu mengine ndani. Mapalo alinicheka kwa jinsi nilivyokuwa natweta. Nikamwambia asipakie. Nikamweleza kwamba samaki waliyeyuka siku nzima na zaidi, kwamba wameoza, kwamba siki imewafunika tu.

"Lakini Diacre alitoa ushuhuda," alisema. "Miye mwenyewe niliandika Amina pale chini."

"Diacre alizika samaki yake, Mapalo. Amenieleza mwenyewe, sasa hivi."

"Diacre wetu? Aseme bongo, adanganye kwa jina la Mungu?" Alinitazama, na utani ukamrudia, kwa sababu ndivyo alivyo, hata akiwa na njaa. "Constance, tangu uanze masomo, pua yako imepata diplôme. Imani njo ingali kwa benchi."

Msukuma mkokoteni alicheka. Hata Mama Julienne alicheka kule ndani, cheko fupi la mtu anayetaka jambo liishe. Nilipasua boksi nikamwambia anuse. Mapalo aliinama kwa uaminifu, akavuta pumzi. Juu palikuwa na barafu mpya na siki.

"Nanusia vinaigre tu," alisema. "Sawa na saladi."

Pua yangu haikuwa ushahidi. Neno langu halikuwa ushahidi mbele ya neno la shemasi. Nilisimama na kifuniko cha boksi mkononi, nikaona meza ya kesho, vijana wa kwaya wamepanga mstari na sahani. Ndipo nikakumbuka desturi yetu nyingine: watumishi wa Mungu hutengewa sehemu yao kwanza, na mkubwa wa jiko huwauliza mapema.

"Mupigie Diacre," nilimwambia Mapalo. "Usimuulize kitu juu ya ushuhuda. Muulize tu umuwekee vipande ngapi kesho. Weka sauti wote tusikie."

Aliona ni ombi dogo. Alipiga. Papa Zéphirin aliitika kwa ile sauti yake nzito, wakasalimiana kwa Mungu.

"Papa Diacre, niko kwa Mama Julienne, nachukua samaki ya kesho. Tukuwekee vipande ngapi?"

"Miye, Maman, sombe itatosha."

"Diacre anakatala samaki?" Mapalo alitania. "Mwaka jana ulirudia mara mbili."

"Tumbo, Maman. Kisha mfungo, tumbo inakuwa hivi hivi."

"Sawa. Na pasteur, tumuwekee?"

Tulisikia pikipiki zikipita upande wake. "Pasteur pia," alisema mwishowe. "Mumupe sombe."

Mapalo aliacha kutabasamu. Aliliangalia boksi lililopasuka miguuni pake, kisha akaisogeza simu karibu na mdomo, na sauti yake ikashuka.

"Na batoto ba chorale, Papa? Na bamaman benye kunyonyesha? Bao tubape nini?"

Simu ikakatika. Huenda mtandao, huenda mkono wake. Mapalo alirudia kupiga, hakuitika.

Mapalo alitaka kutema mate chini. Niliona mdomo wake ukijikusanya, lakini mfungo ulikuwa umemkausha, na hakuna kilichotoka. Alipangusa midomo kwa kitenge. Kisha akamwambia Mama Julienne, kwa heshima, kwamba kesho tutakula maharagi, na akamwambia msukuma mkokoteni ashushe.

Mama Julienne alitoka nje. Hakumlaumu Mapalo, alinigeukia mimi. Alisema kwamba haya, kanisa letu lina matumbo ya kizungu. Jumatatu asubuhi atawapeleka samaki sokoni, kule watu hawaulizani vipande. Alisema hivyo huku akirudisha boksi moja ndani yeye mwenyewe, akilikumbatia kifuani.

Kando ya mlango lilikuwa bidoni la mazuti, mafuta ya dizeli ya ile mashine iliyokuwa kwa fundi. Nililichukua, nikaingia chumba cha baridi, nikafungua maboksi na kumwaga, boksi baada ya boksi, mpaka samaki wote wakang'aa kwa rangi mbaya ambayo hakuna siki ingeweza kuiosha. Hakuna aliyenizuia. Mapalo alisimama mlangoni, na nadhani kusimama kwake kulinisaidia. Nilipotoka, Mama Julienne alinyoosha mkono, nikaweka ufunguo wa depo ndani yake. Mpaka leo hajanirudishia, nami sijauomba.

Jumapili tulivunja mfungo kwa bukari, sombe na maharagi. Aliyeombea chakula alikuwa Papa Zéphirin. Aliomba vizuri sana. Alimshukuru Mungu anayelinda meza ya watoto wake dhidi ya kila kitu cha kufisha, na uwanja mzima ukaitika Amina. Alikula kwa hamu, akarudia. Niliutazama mchuzi wa sombe ukimeremeta kidevuni mwake, na chakula changu kikanishinda. Mapalo alikaa kando yangu. Yeye pia hakuitika Amina, lakini alikula, kwa sababu alikuwa amechoka na alikuwa na njaa ya kweli.

Mchana ule niliandika kwenye blogu. Ilinichukua muda, kwa kuwa vidole vyangu si vya simu. Niliandika hivi:

"Wiki hii umeme ulikosekana. Chinchard waliyeyuka, wakaoza. Niliomba, na wakaoza. Tuliwaosha kwa siki, na wakabaki wameoza, ila harufu ilijificha. Nimewamwagia mazuti. Nilichojifunza: ningepaswa kuwatoa Alhamisi asubuhi, wakiwa bado wagumu, na kuwauza siku hiyohiyo au kuwakausha kwa chumvi. Nilifunga mlango nikangojea. Hakuna mwisho mwingine."

Niliisoma mara nyingi. Ilionekana uchi. Mkono wangu ulitaka kuongeza mstari mmoja tu, kwamba hata hivyo Mungu ni mwema. Ni mwema, namjua. Lakini sikuuongeza, kwa sababu wangeusoma huo na kuacha mengine yote.

Jumatatu jioni, kwenye benchi la watoto, mwenzangu wa mtindi alinikopesha mtandao wake nikafungua. Wa kwanza alikuwa ameandika, "Amina." Wa pili, "Amina mama, Mungu atakurudishia mara mia." Wa tatu alikuwa Papa Zéphirin, aliyekaa mbele yangu benchi mbili tu, shingo yake safi ikinitazama: "Amina dada yangu. Jaribu lako leo, ushuhuda wako kesho." Nilihisi ile harufu tena, tamu, nyuma ya koo. Chini kabisa Mwalimu Anaclet alikuwa ameandika, "Alhamisi asubuhi ulijuaje kama bado ni wagumu, ikiwa hukufungua?" Lilikuwa swali la kunitia aibu, na lilikuwa la haki. Nilianza kumjibu.

Ndipo nikapita kwenye ushuhuda wa Papa Zéphirin. Ulikuwa bado palepale, mzima, na chini ya Amina za zamani kulikuwa na mpya, ya saa ileile. Mwanamke mmoja jina lake Chomba, wa Kambove, alikuwa ameandika, "Amina Papa Diacre. Kwetu courant imeenda tangu jana, samaki imekuwa laini. Nimeshatuma mutu vinaigre."

Niliinua macho. Papa Zéphirin alikuwa na simu yake mkononi. Alikuwa anasoma maneno yaleyale, kwa maana nilimwona akibonyeza kidole gumba, na kioo changu kikaonyesha jibu lake: mikono miwili iliyofumbatwa, ya maombi.

Niliandika chini ya mikono ile, "Dada Chomba, usifanye. Samaki wa ushuhuda huu walizikwa. Nipigie," nikaweka nambari yangu. Mwalimu alikuwa ameanza somo. Nilimwomba ruhusa kwa ishara, nikatoka, nikasimama pale mlangoni ninaposimama kila siku, simu mkononi, bila kusema sala yoyote ambayo ningeweza kuirudia hapa.

Ililia.

"Allô? Miye Chomba, wa Kambove. Njo weye Maman Constance?" Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, na kwa nyuma kulikuwa na watoto wanagombana. "Vinaigre imeshafika. Uko nasema nisioshe? Lakini Diacre ameniombea sasa hivi."

"Nimeona. Acha vinaigre pale chini," nilimwambia. "Chukua boksi ya katikati, haiko ya juu. Toa samaki moja, ubonyeze tumbo na kidole. Kisha uniambie: shimo inarudi, ao inabaki?"

Hakusema Amina. Alisema, "Ngojea, Maman," na nikasikia karatasi ya boksi ikipasuka.